Mpanda haina mwendokasi wala gesi ya magari, lakini mafuta bado yanaokoleka

Kwa ufupi
• Petroli inayouzwa Mpanda husafiri takriban kilomita 1,200 kutoka bandarini, ndiyo maana kila lita inauma zaidi.
• Dereva wa boda anaweza kuokoa zaidi ya Sh20,000 kwa mwezi kwa matunzo ya kawaida tu.
• Jikoni nako kuna akiba, na katika Wilaya ya Tanganyika msitu uliosimama unaleta fedha vijijini.

Mpanda. Ushauri mwingi wa kubana matumizi ya mafuta huandikwa kana kwamba Watanzania wote wanaishi Dar es Salaam. Panda mwendokasi. Funga mfumo wa gesi kwenye gari. Safiri na treni ya umeme.

Mkazi wa Makanyagio au Kawajense akisoma hayo anabaki kujiuliza yeye anaingia wapi. Mabasi ya mwendokasi yalianza Dar mwaka 2016 na yako huko huko. SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2024 kati ya Dar na Dodoma. Vituo vya kujaza gesi asilia kwenye magari navyo viko zaidi Dar, kwa sababu huko ndiko bomba la gesi kutoka Mtwara linakofika.

Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, unaishi kwa boda, bajaji, baiskeli, mabasi na treni ya zamani. Lakini humo humo kuna akiba, na kwa mtu wa Mpanda akiba hiyo ina uzito kuliko kwa mtu wa Dar.

Kwa nini lita ya Mpanda ni ghali?

Mafuta yote ya petroli na dizeli nchini yanaingia kwa meli kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kutoka Dar hadi Mpanda kupitia Dodoma na Tabora ni safari ya takriban kilomita 1,200, na lori linalobeba mafuta hayo nalo linachoma dizeli njia nzima.

Gharama hiyo inaongezwa kwenye bei ya pampu. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwenye orodha hiyo bei ya Mpanda huwa juu ya ile ya Dar. Bei ya eneo lako unaweza kuiangalia kwa simu yoyote kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo, hata bila bando.

Kijijini ambako hakuna sheli mambo ni magumu zaidi. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara huwa ghali kuliko ya pampu, huna uhakika wa kipimo, na kuiweka ndani ya nyumba au duka ni kukaribisha moto. Kujaza tanki mjini kabla ya kutoka ni akiba na ni usalama.

Hesabu ya bosi haishuki, mafuta yanaweza kushuka

Vijana wengi wa boda wanaendesha pikipiki za watu. Kila siku wanapeleka hesabu kwa bosi, na hesabu hiyo haipungui bei ya mafuta ikipanda. Nauli nayo huwezi kuipandisha ovyo, abiria atahamia kwa mwenzako kijiweni. Kinachobaki mikononi mwa dereva ni kiasi cha mafuta anachochoma.

Chukua mfano huu. Dereva anatembea kilomita 100 kwa siku. Pikipiki ikiwa katika hali nzuri, inatumia kama lita 2. Ikichoka, ikawa na chujio chafu, tairi laini na mnyororo mkavu, inatumia lita 2.3. Tofauti ni lita 0.3 tu.

Kwa hesabu rahisi, tuseme lita moja ni Sh3,000. Dereva huyo anapoteza Sh900 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh23,400. Kwa mwaka ni Sh280,800. Fedha hiyo haikwenda kwa bosi, haikwenda kwa abiria. Imetoka kwenye ekzosi ikiwa moshi.

Mafuta yanapotelea wapi?

*Chujio la hewa.* Mafundi wengi huliita ea klina. Injini inahitaji hewa ili kuchoma petroli. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, barabara za vumbi za Katavi huliziba haraka. Hewa ikipungua, petroli haiungui vizuri, pikipiki inakosa nguvu na dereva anazidi kuvuta mafuta. Kulikagua kila wiki wakati wa vumbi hakuhitaji gharama.

*Upepo wa tairi.* Tairi laini linagusa barabara kwa eneo kubwa na linajikunja kila linapozunguka. Nguvu inayotumika kulikunja inatoka kwenye tanki. Jaza upepo kwa kipimo alichoweka mtengenezaji, na upime asubuhi tairi likiwa la baridi.

*Mnyororo.* Ukiwa mkavu au umekaza kupita kiasi, unakula nguvu ya injini kabla haijafika kwenye tairi. Safisha, paka oili, na acha ulegee kidogo kama fundi anavyoelekeza.

*Choki.* Ni ya kuwashia asubuhi. Ikisahaulika bila kurudishwa, injini inakunywa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma, na plagi inajaa masizi.

*Mwendo.* Hapa ndipo wengi hawajui. Ukiongeza mwendo mara mbili, upinzani wa hewa unaongezeka mara nne. Kwenye lami ya Mpanda kwenda Sumbawanga au Tabora, anayekimbia kilomita 90 kwa saa anasukuma hewa kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya anayekwenda 60. Muda anaouokoa ni mdogo, mafuta anayopoteza ni mengi, na ajali haiko mbali.

*Kuacha injini ikiunguruma.* Kusubiri abiria dakika tano huku pikipiki inawaka ni kuchoma mafuta kwa safari ya kilomita sifuri. Zima.

Kuna jambo moja lisilo akiba hata kidogo: mshikaki. Ni kweli abiria wawili au watatu kwenye pikipiki moja wanagawana petroli. Lakini breki hazikuundwa kwa uzito huo, sheria inakataza, na bili ya hospitali ya mguu uliovunjika inameza akiba ya miaka. Kama mko watatu, chukueni bajaji mgawane nauli.

Abiria naye ana la kufanya

Basi kubwa linaweza kutumia kama lita 30 hadi 35 za dizeli kwa kilomita 100. Likibeba watu 50, kila mmoja ametumia chini ya lita moja. Gari dogo linalotumia lita 8 kwa umbali huo likiwa na dereva peke yake, lita zote 8 ni zake. Likijaa watu wanne, kila mmoja anabeba lita 2.

Kwa hiyo anayekwenda Tabora na gari lake akiwa peke yake anatumia mafuta zaidi ya mara kumi ya jirani yake aliyepanda basi.

Treni iko mbele zaidi. Reli ya Mpanda ni tawi linalotoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200, lililojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulikufa, reli ikabaki kubeba watu na mizigo. Si ya haraka, na masika inaweza kuchelewa. Lakini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana kuliko tairi la mpira juu ya barabara, hivyo gunia la mahindi likisafiri kwa treni linakula dizeli kidogo kuliko likipanda lori. Kwa mzigo usioharibika haraka, inafaa kuulizia stesheni kabla ya kukodi gari.

Kwa safari fupi za sokoni, baiskeli bado ina heshima yake. Haihitaji sheli, na fundi wake yuko kila kona. Kama ni lazima upande boda, panga mambo yako: soko, dawa na vocha kwa safari moja badala ya tatu.

Moshi una uzito gani?

Ukichoma lita moja ya petroli, unatoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Inashangaza, maana lita yenyewe ina uzito wa chini ya kilo moja. Jibu ni kwamba kaboni iliyomo kwenye mafuta inaungana na oksijeni ya hewani wakati wa kuungua, na oksijeni hiyo ndiyo inayoongeza uzito.

Yule dereva wa mfano wetu, akiokoa lita 0.3 kwa siku, kwa mwaka anazuia zaidi ya kilo 200 za hewa ukaa. Hakuhitaji semina, alihitaji kusafisha chujio.

Jikoni: msitu uliosimama una bei

Mafuta mengine yanayochomwa kila siku Mpanda ni mkaa, na unatoka kwenye misitu ya miombo. Kwa tanuru la kienyeji la udongo, kupata kilo moja ya mkaa huhitaji takriban kilo 5 hadi 10 za kuni. Sehemu kubwa ya mti inapotea kabla jiko halijawashwa.

Katavi ina sababu ya kipekee ya kulijali hilo. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinavyozunguka msitu wa Ntakata, vikiwamo Mwese, Lugonesi na Katuma, vinalipwa kwa kuutunza. Kupitia mradi unaoendeshwa na kampuni ya Carbon Tanzania, hewa ukaa inayobaki ndani ya miti inauzwa kwa wanunuzi wa kimataifa, na vijiji vimepata mabilioni ya shilingi. Fedha hizo zimejenga zahanati na madarasa. Huko, mti uliosimama ni mapato ya kijiji. Ukikatwa kwa mkaa unauzwa mara moja, basi.

Msitu huo huo unalinda maji. Wafugaji wa nyuki wa Inyonga wanategemea maua ya miombo, na Mto Katuma unanywesha mashamba ya mpunga kabla ya kufika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako kiangazi viboko husongamana kwenye madimbwi yanayobaki.

Serikali nayo imeweka lengo: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, hivyo ofisi ya kijiji au mtaa ni mahali pa kuulizia. Mwenye umeme anaweza kuchemsha maharage kwa jiko la presha la umeme kwa chini ya uniti moja.

Ambaye bado hajafika huko ana njia za leo. Loweka maharage usiku kucha. Funika sufuria. Tumia jiko lililopakwa udongo ndani badala ya la bati tupu, linashika joto. Na mkaa uliobaki uzime, usiuache ukaisha bure.

Anza na haya wiki hii

1. Pima upepo wa tairi kabla ya kutoka.
2. Kagua chujio la hewa na mnyororo.
3. Angalia bei ya mafuta kwa *152*00# kabla ya kujaza.
4. Andika kilomita na lita kwa siku saba, ili ujue pikipiki yako inakula kiasi gani.
5. Jioni moja, pika maharage yaliyolowekwa na mfuniko juu, kisha angalia mkaa uliobaki kwenye ndoo.

Namba 4 ndiyo inayorukwa na wengi. Bila kuandika, dereva hawezi kujua kama pikipiki imeanza kula mafuta zaidi, na atakuja kugundua siku hesabu ya bosi ikishindikana kutimia.