Mvua ya Leo na Mvua ya Kesho

Kila mwanachama aijua hasara ya kuanika karafuu asubuhi kwa jua kali, kisha vuli ikamwaga alasiri. Karafuu mbichi iliyokosa jua siku mbili tatu huvunda na kupauka, na mnunuzi huitia daraja ya chini hata kama mti ulizaa vizuri. Jua likiwa jema, karafuu hukauka kwa siku nne au tano hivi. Basi mkulima haulizi mwezi huu utanyesha inchi ngapi. Auliza: je, nitapata siku nne za jua mfululizo?

Swali hili lina hesabu yake. Mwaka 1962 mabwana wawili, K. R. Gabriel na J. Neumann, walitoa hesabu ya mvua ya Tel Aviv, miezi ya Desemba hadi Februari, kwa miaka 27. Wingi wa mvua hawakuujali sana. Waliuliza tu, jana ilinyesha au haikunyesha? Wakaona kwamba baada ya siku ya mvua, kesho yake ilinyesha tena mara 66 katika kila 100. Baada ya siku kavu, ilinyesha mara 25 tu.

Sasa tuizidishe hesabu hiyo. Leo ikiwa kavu, siku nne zijazo zitakuwa kavu zote mara 32 katika 100. Leo ikinyesha, bahati hiyo hushuka hadi mara 14. Tofauti ni zaidi ya maradufu, na mtu aijua kwa kutazama uani kwake tu, kabla hajawaita wachumaji. Tena liko jambo ambalo baadhi ya wazee hawatalipenda: kwa hesabu hii, ukavu wa siku kumi hauileti mvua ya kesho karibu zaidi kuliko ukavu wa siku moja. Mvua haina deni.

Lakini Tel Aviv si mji wa mikarafuu, na mvua yake si ya pepo za misimu. Bara Hindi, mvua ya Julai na Agosti hukatika kwa vipindi, na vingine hupita wiki nzima. Julai ya 2002 ilinyesha nusu tu ya kawaida, na msimu wote ukapungua kwa asilimia 19. Sababu moja ya vipindi hivyo ni wimbi kubwa la mawingu liendalo mashariki kutoka Bahari ya Hindi na kurudi kila siku 30 hadi 60, ambalo Madden na Julian walilieleza kwanza mwaka 1971. Vuli yetu nayo huguswa na wimbi hilo. Na iko miaka ambayo bahari ya upande wetu hupata joto la kuzidi, kama 1961, 1997 na 2019, vuli ikapita kiasi. Mwaka kama huo, hesabu ya miaka ya kawaida isitegemewe.

Lililobaki ni kuhesabu hapa hapa. Daftari na kalamu vyatosha. Kila jioni ya vuli andika M ikiwa imenyesha kiasi cha kulowesha jamvi, na K ikiwa kavu. Baada ya vuli tano, hesabu ni mara ngapi K ilifuatwa na K. Mwanachama wa Wete asiazime daftari la mwenzake wa Mkoani, maana wingu hulowesha kijiji kimoja likaruka cha pili.