Turbo: nguvu haiji peke yake

Mu garaji za miji yetu ya migodi, tangu Likasi mpaka Kolwezi, kuna neno moja vijana wanalipenda sana: «Papa, motokari yetu inachoka kwa kilima. Tununue turbo, tuifunge, itakimbia sawa mpya.» Papa anauliza: «Bei gani?» Kijana anataja bei ya turbo yenyewe, turbo ya okazyo iliyotolewa kwa motokari ingine. Ni hapo hesabu inaanza kupotea, maana turbo ni kitu cha kwanza tu kati ya vitu vingi ambavyo motere itadai.

Kwa familia mingi motokari ile ndiyo inaleta unga, dawa na minervali ya watoto. Mbele ya kufungua motere yake, inafaa tujue turbo inafanya kazi gani.

Motere inakula hewa

Motere ya kawaida inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Pistoni inashuka, hewa inaingia. Mazutu ao esanse inaungua pamoja na hewa ile. Hewa ikiwa kidogo, mafuta yatakayoungua vizuri ni kidogo vilevile.

Sisi wa Katanga tunaishi na jambo hilo kila siku. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kolwezi iko juu zaidi. Kwa kimo hicho hewa imepungua kwa zaidi ya sehemu moja juu ya kumi. Ndiyo maana motokari iliyokuwa na nguvu kule Matadi inachoka kidogo ikifika kwetu.

Turbo ina magurudumu mawili madogo juu ya ekseli moja. Moshi wa eshapema unazungusha gurudumu la kwanza, na lile la pili linasukuma hewa kwa nguvu ndani ya motere. Ekseli ile inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja! Moshi ambao ungepotea bure sasa unafanya kazi. Hewa ikiongezeka, tunaweza kuongeza mazutu, na moto unakuwa mkali zaidi. Lakini moto ule unapiga pistoni, biele, kulasi na joenti yake. Kama vyuma hivyo havikutengenezwa kwa kubeba mzigo huo, nguvu ileile tuliyoitafuta ndiyo itavivunja.

Wale walioanza

Alfred Büchi, injinia wa Uswisi, alipata hati ya uvumbuzi wake katika mwaka wa 1905. Alingoja miaka kama makumi mawili mbele ya kazi yake kuzaa matunda: mu miaka ya 1920 motere za meli mbili za Ujermani zilipanda kutoka nguvu ya farasi 1,750 mpaka 2,500.

Jaribio linalotugusa zaidi sisi watu wa nchi ya juu lilifanywa Marekani katika mwaka wa 1918. Injinia Sanford Moss alipandisha motere ya ndege mpaka kilele cha mlima Pikes Peak, mita 4,300. Kule chini motere ile ilitoa nguvu ya farasi 350. Kule juu, bila turbo, ilitoa 230 tu. Na turbo, ilitoa 356. Turbo ilirudisha yale yote ambayo kimo kilinyanganya.

Basi, kwa nini kila motokari haikufungwa turbo tangu siku ile? Tuangalie Oldsmobile Jetfire, moja ya motokari za kwanza za familia kuuzwa na turbo, katika mwaka wa 1962. Ilikuwa ya esanse. Watengenezaji waliacha motere na mkandamizo wake mkubwa, yaani namna hewa inavyobanwa na pistoni mbele ya kuungua. Esanse ikibanwa na kupata moto kupita kiasi, inajiwasha yenyewe kwa fujo. Motere inagonga, na pistoni inaweza kutobolewa. Ili kuzuia hiyo, waliweka tanki ndogo ya maji na alkoli ya kupoza. Wenye motokari wengi walisahau kuijaza. Malalamiko yakawa mengi, mwaka wa 1963 ukawa wa mwisho, na motokari mingi ziliondolewa turbo.

Kiisha watu wa Saab, Uswidi, wakashika njia ingine na 99 Turbo yao ya mwaka wa 1977: walipunguza mkandamizo wa motere mpaka 7.2, na motere zao zisizo na turbo zilikuwa na karibu 9. Walibadilisha motere kwanza, turbo ikaja juu yake.

Land Cruiser tunayoijua

Sasa turudi kwa barabara zetu. Motere ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, pistoni sita, litre 4.2, mazutu, bila turbo, inajulikana na kila fundi wa hapa. Inatoa nguvu ya farasi karibu 130. Tangu mwaka wa 1990 Toyota walikuwa pia na ndugu yake, 1HD-T, ya ukubwa uleule lakini na turbo, yenye nguvu ya farasi zaidi ya 160.

Kijana atasema: «Basi turbo ndiyo imeleta ile tofauti.» Hapana, si turbo peke yake. Mkandamizo wa 1HZ ni 22.4, ule wa 1HD-T ni 18.6. Tena, mu 1HZ mazutu inaanza kuungua ndani ya chumba kidogo mu kulasi. Mu 1HD-T inarushwa moja kwa moja juu ya pistoni. Ndiyo maana 1HZ ikifungwa turbo na mazutu ikaongezwa pasipo kipimo, moto unajikusanya mu kulasi na kulasi inapasuka. Wako watu, zaidi sana Australia, ambao wanafunga turbo kwa 1HZ na inadumu. Lakini wanasukuma hewa kwa kiasi kidogo, wanapima mazutu, na macho yao hayatoki kwa kipimo cha joto.

Maulizo ya kumupa fundi

Mbele ya kulipa hata franka moja, ulizeni haya:

1. Motere iko na afya? Apime mkandamizo wa kila silinda. Motere inayokula mafuta na kutoa moshi wa bluu, turbo itaimaliza tu.

2. Nani atapima pompi ya mazutu? Moshi mweusi mzito kwa kilima si alama ya nguvu. Ni mazutu iliyopita hewa, na joto linapanda.

3. Joto litaonekana wapi? Kuna kipimo kinachofungwa kwa eshapema, mbele ya turbo. Mafundi wengi wa mazutu hawapendi kipite digri 700. Hata hewa inayosukumwa inapata moto, inaweza kupita digri 100. Ndiyo sababu motokari mingi za turbo ziko na radiatere ya kupoza hewa.

4. Mafuta ya motere yatabadilishwa lini? Turbo inakunywa mafuta yaleyale ya motere. Yakiwa machafu, ekseli yake inakufa. Na kiisha kupanda kilima na mzigo, acha motere inguruma polepole dakika moja ao mbili mbele ya kuzima.

5. Vumbi litazuiwa namna gani? Barabara za migodi zinajaa vumbi. Filtri ya hewa iliyochoka, ao bomba lililopasuka nyuma ya filtri, vinaleta mchanga kwa gurudumu linalozunguka kwa mbio ile.

6. Na freni? Na ambrayaji? Motokari inayopanda mbio zaidi inafika pia kwa mtelemko mbio zaidi, na watu ndani.

Kuna njia ingine

Mara mingi motokari inayochoka haikosi turbo, imepoteza nguvu yake ya kwanza. Filtri imeziba, vichwa vya kurushia mazutu vimechoka, valvu hazikupimwa tangu miaka. Tengenezeni hayo kwanza, kiisha pandeni kilima kilekile na mzigo uleule, mulinganishe. Na kama nguvu bado haitoshi kwa kazi yenu, tafuteni motere nzima iliyotoka kiwandani na turbo, pamoja na pompi yake na radiatere zake.

Papa na kijana wakae pamoja, wachukue karatasi, waandike bei ya kila kitu: turbo, mabomba, kipimo cha joto, kazi ya pompi, freni, na siku ambazo motokari italala garaji bila kuleta kitu nyumbani. Kama feza inatosha turbo peke yake, basi feza haijatosha.