Tathmini ya Habari za Madai ya Malipo katika Mpira wa Magongo wa Barafuni wa Wanawake, Marekani na Kanada

1.0 Utangulizi

Tarehe 15 Machi 2017, wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake ya Marekani ya mpira wa magongo wa barafuni walitangaza kwamba wangesusia Mashindano ya Dunia, yaliyopangwa kuanza tarehe 31 mwezi huo mjini Plymouth, Michigan, iwapo mazungumzo yao na shirikisho la mchezo huo, USA Hockey, yasingepiga hatua. Umma ulipokea takwimu mbili zilizoonekana kukinzana. Wachezaji walieleza kuwa shirikisho liliwalipa dola 1,000 kwa mwezi, kwa miezi sita tu katika kila miaka minne. Shirikisho nalo lilieleza kuwa kila mchezaji angeweza kupata karibu dola 85,000. Msomaji aliyekutana na takwimu ya kwanza pekee aliona dhuluma. Aliyekutana na ya pili pekee aliona tamaa. Makala haya yanafafanua namna ya kutathmini habari za aina hiyo. Hoja yake ni kwamba kasoro kubwa haitokani lazima na takwimu za uongo, bali na takwimu za kweli zilizotenganishwa na muda, mlipaji na masharti yake.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Tathmini hii inaongozwa na Nadharia ya Fremu kama ilivyofafanuliwa na Entman (1993). Kwa mujibu wa mtaalamu huyo, kuweka fremu ni kuteua baadhi ya vipengele vya uhalisi na kuvipa uzito, ili kubainisha tatizo, chanzo chake, hukumu ya kimaadili na suluhisho. Katika habari za malipo, uteuzi huo hufanyika ndani ya tarakimu zenyewe. Kwa hiyo, kila kiasi kinachotajwa kinapaswa kuulizwa maswali matatu: kinahusu kipindi gani, kinatoka kwa nani, na kinapatikana kwa sharti gani.

3.0 Takwimu za Mwaka 2017

Maswali hayo yakitumika, ukinzani uliotajwa hupungua sana. Dola 1,000 kwa miezi sita ni dola 6,000, na kiasi hicho kilihusu malipo ya shirikisho pekee katika mzunguko mzima wa Olimpiki. Dola 85,000 zilihusu kipindi cha maandalizi na mashindano ya Olimpiki, na zilitajwa kama kiasi kinachowezekana kupatikana, si malipo ya uhakika. Aidha, wachezaji walijibu kwamba hesabu hiyo ilijumuisha fedha za Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Habari iliyoweka takwimu hizo bega kwa bega bila maelezo ilionekana kutenda haki kwa pande zote, ilhali ililinganisha vitu viwili tofauti.

Suala la pili ni istilahi. Mwaka mmoja kabla, wachezaji wa timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Marekani walikuwa wamewasilisha malalamiko rasmi wakidai malipo sawa na ya wanaume. Fremu ya “malipo sawa” ilikuwa tayari mkononi mwa wanahabari. Hata hivyo, wachezaji wa magongo walidai ujira unaotosha kuishi, pamoja na usaidizi kwa programu za wanawake na wasichana. Kuyaita madai hayo “malipo sawa” kulimpa mpinzani hoja rahisi kuhusu mapato ya ligi ya wanaume, hoja ambayo haikugusa wajibu wa shirikisho la taifa.

Makubaliano ya miaka minne yalifikiwa tarehe 28 Machi. Timu ilicheza na kutwaa ubingwa kwa kuifunga Kanada 3–2 katika muda wa nyongeza.

4.0 Ligi na Tatizo la Wastani

Malipo ya timu ya taifa hayana budi kutofautishwa na mishahara ya ligi. Ligi ya NWHL, iliyoanza mwaka 2015, ilitangaza kima cha chini cha dola 10,000 kwa msimu. Novemba 2016 mishahara ilipunguzwa kwa hadi asilimia 50. Habari iliyonukuu tangazo la kwanza bila kufuatilia utekelezaji ilibaki na ahadi badala ya malipo.

Ligi ya PWHL, iliyoanza kuchezwa Januari 2024, ina mkataba wa hali bora ambao kwa msimu huo wa kwanza uliweka kima cha chini cha dola 35,000, wastani wa dola 55,000 kwa timu, na wachezaji wasiopungua sita wa kila timu kulipwa dola 80,000 au zaidi. Kwa timu ya wachezaji 23, wastani huo ulikuwa sawa na dola 1,265,000. Sita wakichukua angalau dola 480,000, wachezaji 17 wanabakiwa na dola 785,000, yaani wastani usiozidi takriban dola 46,000. Hivyo, kichwa cha habari kilichotaja dola 55,000 kwa msimu huo kilikuwa sahihi kihesabu, lakini hakikueleza hali ya wachezaji walio wengi.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba usahihi wa tarakimu hautoshi kuwa kigezo cha ubora wa habari za malipo. Kwa wachezaji wasio na mapato makubwa ya viingilio na matangazo, imani ya umma ni sehemu ya nguvu yao katika majadiliano, na imani hiyo hujengwa au kubomolewa na takwimu moja. Inapendekezwa kwamba watafiti wa habari za michezo wachunguze kila kiasi kwa kuzingatia muda, mlipaji na masharti kabla ya kuhukumu iwapo habari imeegemea upande wowote.