Hewa inabadilika: vinundu vya karanga vitafaidi?

Karanga, soya na maharagi hupata azoti ya hewani kupitia bakteria wanaokaa mu vinundu vya mizizi. Mmea unawalisha sukari, inayotengenezwa na majani kwa gazi karboniki. Mbele ya viwanda, gazi hiyo ilikuwa sehemu karibu 280 kwa milioni ya hewa. Leo zimepita 420. Sukari ikiongezeka, azoti pia inaweza kuongezeka. Lakini udongo wetu mwekundu wa Kolwezi uko na asidi mingi na fosfori kidogo; bila fosfori, vinundu vinalegea, faida inatupita. Basi tutie chokaa na mbolea ya kuku. Maua yakitoka, tuchimbe mimea mitatu, tupasue vinundu: vyekundu ndani vinatumika; vyeupe ao vya kijani, hapana.