Darasa Lenye Sauti Si Darasa la Uvivu

Ukipita kando ya darasa ukasikia watoto wakijadiliana, usiharakishe kumlaumu mwalimu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ijenge akili ya kudadisi. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza watoto wote waingie shuleni ifikapo 1977. Mtaala wa 2005 ukasisitiza umahiri badala ya kukariri.

Lakini kule Kerende, Tarime, mtoto aliyelelewa kwa Kikurya aweza kunyamaza mbele ya darasa zima, akadhaniwa mjinga. Katika kikundi cha watano hujaribu, hukosea, husahihishwa na wenzake. Mwalimu naye avizungukie vikundi vyote, asiruhusu hodari mmoja kuwasemea wengine.

Nawe mzazi, jioni usiulize alama tu; mwache mwanao akufundishe alichojifunza.