Bata wa Plastiki katika Chumba cha Upasuaji
Mgonjwa amelala chali, yuko macho. Shingo imechomwa ganzi upande wa kushoto na imeshapasuliwa. Mkono wa kulia, ule unaoamrishwa na ubongo wa kushoto, umeshika bata wa plastiki, mwanasesere anayelia akibanwa. "Mzee, bonyeza." Kwaa. Daktari anabana mshipa. "Haya, tena."

Bata akinyamaza hapo, kuna hatari.

Ateri mbili kubwa za shingo hubeba sehemu kubwa ya damu ya ubongo. Mafuta yakiganda ndani yake, vipande humeguka na kuleta kiharusi, kwa hiyo daktari huupasua mshipa na kuyatoa. Hawezi kufanya hivyo damu ikipita. Lazima aubane kwanza. Wengi huvuka salama, maana chini ya ubongo mishipa imeungana duara, lile alilolieleza Thomas Willis mwaka 1664, na damu huja kutoka upande wa pili. Lakini wapo watu wengi ambao duara hilo halikukamilika tangu kuzaliwa.

Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo hupata takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Zikishuka chini ya 20 hivi, seli huacha kazi. Chini ya 10, huanza kufa. Kabla ya kufika huko daktari huweka mrija mdogo wa kupitisha damu kando ya palipobanwa. Mbona asiwawekee wote? Mrija nao waweza kumegua mafuta na kuyasukuma kichwani.

Aliyepewa nusukaputi habonyezi kitu. Huyo hulindwa na mashine: elektrodi zinazosoma umeme wa ubongo, ambao dawa za usingizi zenyewe huuvuruga, Dopla ya panjani, yaani mawimbi ya sauti yanayopima mwendo wa damu, ambayo mifupa ya wengine haiyapitishi, na mwanga unaopima oksijeni kwenye paji la uso, usiojua yanayotokea kisogoni.

Mimi namwamini bata. Hata hivyo utafiti wa GALA wa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa 3,526, haukuona tofauti ya maana ya viharusi kati ya ganzi na nusukaputi. Vingi huletwa na vipande vinavyomeguka, si kubanwa kwa mshipa. Ila waliokuwa macho waliwekewa mrija mara chache zaidi.

Ukipangiwa upasuaji huu, muulize daktari wa usingizi: damu ikipungua ubongoni, utajuaje?