Cruyff na pipi ya dakika 90

Sigara moja huchukua kama dakika tano hivi. Mvutaji wa pakiti moja kwa siku, sigara 20, anateketeza dakika 100: mechi nzima na nyongeza juu. Siku akiacha, dakika zote hizo anarudishiwa, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Uzifanyie nini?

Johan Cruyff alikutana na swali hilo mwaka 1991 akiwa kocha wa Barcelona. Mdachi huyo alivuta tangu ujana wake, na hata kwenye benchi fegi haikuwa mbali na mdomo. Februari mwaka huo moyo ukagoma. Akafanyiwa upasuaji, timu akaachiwa msaidizi wake Carles Rexach, na sigara ikaishia hapo.

Aliporudi, presha ilikuwa ileile. Kocha hana pa kuzikimbilia dakika 90. Lazima akae pale, aone beki amechelewa kupanda, aone nafasi ya wazi inapotea, huku mkono ukitafuta mfukoni kitu ambacho hakipo tena. Cruyff akaweka humo pipi ya kijiti.

Wapo waliocheka. Mtu mzima, gwiji wa dunia, ananyonya pipi kama mtoto wa chekechea! Lakini ukiangalia vizuri, jamaa alikuwa amepiga hesabu zake: pipi ina kijiti cha kushika, inakaa mdomoni na haiishi haraka.

Kisha likaja tangazo la serikali ya Catalonia la kupinga uvutaji. Cruyff, ndani ya koti refu, anapiga danadana. Si mpira, ni pakiti ya sigara. Inapita mguuni, pajani, begani, kichwani, halafu anaipiga shuti inapotelea mbali. Ujumbe wake ulikuwa kwamba soka lilimpa kila kitu, tumbaku nusura imnyang'anye.

Mei 20, 1992, pale Wembley, Ronald Koeman alipowafunga Sampdoria kwa frikiki katika muda wa nyongeza, Cruyff aliruka ubao wa matangazo kuingia uwanjani. Ana miaka 45, na moyo uliopasuliwa miezi 15 tu iliyopita. Barcelona ikabeba Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza.

Muda mkubwa zaidi ulikuja baada ya kuondoka Barcelona mwaka 1996. Hakufundisha klabu tena. Alicheza gofu, na mwaka 1997 akaanzisha taasisi ya kuwapa watoto, wakiwamo wenye ulemavu, nafasi ya kucheza. Baadaye vikaja viwanja vidogo vya mitaani, Cruyff Court, katika nchi mbalimbali.

Oktoba 2015 ilitangazwa ana saratani ya mapafu. Akafariki Machi 24, 2016, akiwa na miaka 68, miaka 25 tangu upasuaji ule. Viwanja vyake vya mtaani watoto bado wanavichezea.